Kuna Mtu Kisimani

Simu ya asubuhi kutoka Kakuma ilikuwa ya ugomvi, kama ilivyozoeleka.

"Madamu, weye unacheza na pampu yangu juu ya nini?" Opereta hakusalimia. "Inawaka, inazimika. Inawaka, inazimika. Munataka iungue, kisha museme ni miye?"

"Mimi niko Lodwar," nikamjibu. "Pampu iko mbele ya miguu yako. Kati yetu wawili, nani anaweza kuigusa?"

"Njo nakuuliza!"

Akakata. Nikaiweka simu mezani taratibu, maana nilitaka kuitupa.

Sikumpenda mtu yule, na yeye hakunipenda. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, fundi wa mitambo tangu kwao, naye alimwona kila Mturkana mwenye kiti cha ofisini kama mtu aliyekalia kiti cha bure. Mimi nilimwona kama mgeni anayekula chumvi yetu akiisonya. Chuki hizo hatukuzibuni sisi. Huku ziko hewani pamoja na vumbi, unazivuta tu bila kukusudia.

Alilinda kisima kirefu cha mashine kilichopo pale mji wa Kakuma unapogusana na kambi ya wakimbizi, ambapo wanawake wa Kiturkana na wanawake wa kambini hupanga mitungi yao katika mstari mmoja na kutukanana kwa lugha nyingi. Mimi nilikuwa Lodwar, katika ofisi ndogo inayohudumia visima vya namna hiyo. Asubuhi, kabla bosi hajafika, niliandika riwaya yangu. Mchana niliangalia maji ya watu wengine yakipanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta.

Bosi, injinia kutoka Nairobi, alikuwa ameunda mtambo aliojivunia kama mtu anavyojivunia fahali wake. Ndani ya tangi la Kakuma kulikuwa na kipimo. Kwenye sanduku la pampu kulikuwa na laini ya simu. Na kwenye kompyuta yetu ya Lodwar kulikuwa na skripti, yaani amri chache zilizoandikwa katika faili moja, ambazo kompyuta huzisoma kutoka juu hadi chini kama mtu anayesoma sala. Kila dakika tano skripti iliamka, ikauliza tangi lina maji kiasi gani, ikangoja jibu, kisha ikatuma neno moja: washa, au zima. Halafu ikalala. Opereta alibaki na kazi ya kufungua na kufunga mabomba ya watu, kuangalia waya, na kuamua ugomvi wa foleni.

Mota ya zamani ilikuwa imeungua kiangazi kilichotangulia. Mpya ilikawia kufika, watu wakanywa maji ya malori, na mbuzi wakafa kando ya mabomba makavu. Bosi akaapa mbele ya ofisi nzima: hii nayo ikiungua, au tangi likikauka hata siku moja, Mkongo anakwenda. Hakuwa na shaka kwamba ndiye aliyekuwa akichezea swichi. Na kazi ile ndiyo iliyomlisha opereta na mkewe na watoto wao juu ya mgao wa chakula wa kambini ambao ulikuwa ukipunguzwa na kupunguzwa tena. Yeye alilijua hilo na sisi tulilijua. Ndiyo maana alipiga simu kila asubuhi kama mtu anayepiga kelele ndani ya nyumba inayoshika moto.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Niliishi kwa shangazi yangu ukingoni mwa Lodwar, upande wa Kawalase, mto ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Mwanawe wa kiume alikuwa amesomea umeme wa mota, akapata cheti, akakosa kazi. Kila nilipoingia uani jioni shangazi aliniuliza habari za Kakuma kabla sijavua viatu.

"Huyo Mkongo bado yuko?"

"Yuko."

"Na mashine bado inamsumbua?"

"Bado sijajua nini kinaisumbua mashine, shangazi."

"Hujajua!" Alicheka kwa pua. "Tumekusomesha ujue, na hujui. Basi nyamaza. Mtu akiteleza mwenyewe usimpe mkono. Kaka yako huyu hapa ana cheti, ana mikono miwili, na analala mchana kutwa kama mbuzi mgonjwa."

"Mama, usiniite mbuzi," binamu yangu alisema kutoka kivulini.

"Ningekuita mbuzi ungetoa maziwa."

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amekausha machozi ya wengi, na yeye hakuwa na mtu wa kumkaushia. Lakini aliposhika jambo alilishika kwa meno, na jambo aliloshika mwaka ule lilikuwa kazi ya mtu wa Kakuma.

Hata katika kulinda kisima cha familia alikuwa vilevile. Kisima chetu ni shimo ndani ya mchanga wa mto. Kilichimbwa na marehemu mumewe, na kila mto ukijaa maji ya mvua na kukifukia kinachimbwa upya. Mtu mmoja hushuka, huteka kwa karai, humpa aliye juu, na aliye juu humimina kwenye hori la mbao wanamonywea mbuzi. Kuta zake ni mchanga mnyevu. Wakishuka wawili, kila mmoja na haraka zake, ukuta hukatika na kuwafunika wote. Kwa hiyo aliye ndani ndiye mwenye kisima hadi atoke. Akiondoka hulaza tawi la mwiba mdomoni mwa shimo, na tawi la mtu haliondolewi na mtu mwingine. Kuliondoa ni kuomba vita.

Jumamosi moja nilikuwa mimi chini, nateka. Jirani akafika na mbuzi wake wanaolia kiu, akaanza kuteremsha mguu. Mchanga ukanidondokea shingoni. Nikasikia shangazi akimrukia.

"Toa mguu! Huoni kuna mtu kisimani?"

"Nimeona msichana tu."

"Na msichana si mtu? Ngoja. Atoke ndipo uingie. Au unataka nikuzike humo pamoja naye?"

Nilipotoa kichwa nje nikamwona bosi amesimama ukingoni. Alikuwa amekuja kunichukua kwa gari nikamfungulie ofisi, na alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Njia nzima alirudiarudia kwa lafudhi yake ya mjini: "Kuna mtu kisimani! Ngoja!" Aliipenda sentensi hiyo. Aliiweka mahali fulani kichwani mwake, kama mtalii anayetia kijiwe mfukoni.

Sikucheka naye. Nilikuwa nakumbuka tawi jingine, la utotoni mwangu. Familia moja ilihama na mifugo kwenda Lokiriama, ikaacha mwiba juu ya kisima chake kama ilivyo ada. Haikurudi. Mwenye kisima alikuwa amekufa njiani na sisi hatukujua. Kiangazi chote kisima kile kilikaa kimefungwa, maji yakinuka ubichi wake chini ya mwiba, na mbuzi wa watu wakilia pembeni. Hakuna aliyethubutu. Hata shangazi, ambaye hamwogopi mtu, alipita pale akageuza uso. "Mwiba ni mwiba," alisema. Tawi lilikuwa linalinda kisima kwa ajili ya mtu ambaye hayuko duniani.

Nilichokuja kukiona kwenye kompyuta nilikiona siku ambayo mtandao ulikuwa mbovu tangu asubuhi. Opereta alikuwa amekwisha kunitukana. Badala ya kufungua riwaya, nikaiambia kompyuta inionyeshe kazi zote zilizokuwa zikiendelea ndani yake wakati ule. Skripti ya bosi ilitakiwa kuonekana mara moja, au isionekane kabisa. Nikaiona imejaza kioo, mstari chini ya mstari, jina lilelile, kama mapacha waliozaliwa bila mama kupumzika.

Nikaelewa, na shingo ikanisisimka kama siku ile mchanga ulipodondoka. Mtandao ukiwa mzito, jibu la tangi linachelewa kupita dakika tano. Skripti ya kwanza bado inangoja, na saa inamwamsha wa pili. Wa pili naye anangoja, anaamshwa wa tatu. Hakuna anayejua habari za mwenzake. Kisha mtandao unafunguka na majibu yanaingia kwa fujo. Mmoja ameshika habari ya zamani kwamba tangi ni tupu, anasema washa. Mwingine ameshika mpya kwamba limejaa, anasema zima. Wa tatu anasema washa. Mota inawaka na kuzimika na kuwaka kabla haijavuta pumzi. Opereta alikuwa anasema kweli. Hakuna mkono wa mtu uliogusa swichi.

Sitasema kwamba nilifurahi. Ilinikera kwamba yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyekuwa sahihi.

Nikampelekea bosi. Hakuangalia kioo, aliniangalia mimi.

"Nani alikuambia ufungue skripti yangu?"

"Pampu inazimwa na kuwashwa kutoka hapa, bosi. Zinaingia nyingi kwa wakati mmoja."

"Haya. Nitaweka kufuli. Ni kazi ya dakika moja."

Akaketi, akaandika. Skripti ikianza, itazame kama kuna faili fulani dogo. Likiwapo, iondoke, kwa sababu mwenzake yuko kazini. Lisipokuwapo, iliumbe, ifanye kazi yake, na mwisho ilifute. Tawi la mwiba, neno kwa neno. Na kwa kuwa alikuwa amefurahishwa na nafsi yake, akaongeza jambo: skripti ikikuta faili lipo, itume ujumbe kwenye simu ya kisima, ile anayokaa nayo opereta. *Kuna mtu kisimani. Ngoja.*

"Lugha ya wenyeji," akasema. "Umeona?"

"Na skripti ikifa katikati?" nikauliza. "Umeme ukikatika kabla haijafuta faili? Faili litabaki pale na hakuna mtu. Tena, kati ya kutazama na kuliumba kuna upenyo. Wawili wakija pamoja, wote wanaona hakuna, wote wanaingia."

"Hizo hadithi," alisema akiifunga skripti, "wapelekee wenzako wa vitabu."

"Na opereta? Utamwambia kwamba si yeye?"

"Sijasema si yeye. Na kuanzia leo akigusa lile sanduku, au akinipigia simu na visingizio vyake, aende."

Kufuli lile lilifanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa, na hilo lilimzidishia bosi kiburi. Ujumbe ulilia Kakuma siku za mtandao mbovu, mara moja, mara mbili, kisha ukanyamaza na pampu ikaendelea. Opereta aliacha kunipigia. Nilidhani tumepona.

Halafu asubuhi moja umeme wa Lodwar ukakatika, kama unavyokatika. Ukarudi baada ya muda mfupi. Kompyuta ikaamka yenyewe. Bosi alikuwa safarini, mimi nikarudi kwenye ukurasa wangu. Kioo kilionyesha tangi la Kakuma limesimama palepale, na kwa kuwa hakuna aliyepiga simu kulalamika, sikukitilia maanani. Kisima kile kikiwa na shida, mji mzima hukujulisha. Kimya kilikuwa habari njema.

Ilikuwa mchana umeelemea upande wa pili niliposhtuka kwamba namba ya tangi haijabadilika tangu umeme ukatike. Nikampigia opereta. Alipokea upesi, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna iliyoniogopesha kuliko matusi.

"Karibu, madamu."

"Maji yapo?"

"Haiko."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukupiga simu?"

"Munaandika ngoja, nangoja. Kila dakika tano simu inalia: kuna mtu kisimani, ngoja. Kuna mtu kisimani, ngoja. Bosi yako alisema nisipige, nisiguse. Sasa miye ni mutu ya utii. Haufurahi?"

"Na watu? Wale akina mama hawakupiga kelele?"

Hata yeye, nadhani, jambo hilo lilikuwa limemshangaza.

"Niliwasomea. Walitaka kunipiga, nikawasomea ile ujumbe. Bale bamama ba Kiturkana bakanyamaza. Bakaketi chini. Bakaambia na ba kambini bakae. Mpaka sasa bako hapa, juani, na bitungi byao. Banasema mwenye kisima atatoka."

Nikafunga macho. Niliwaona. Wanawake ambao wangempasua mtu kichwa kwa kuruka foleni walikuwa wameketi kwa adabu kuanzia asubuhi, wakimtunzia heshima mtu aliye ndani, kwa sababu waliambiwa yupo. Laiti bosi angeandika maneno mengine yoyote, wangepiga kelele mpaka Lodwar isikie. Aliandika yale pekee ambayo yangewanyamazisha.

Nikalifuta faili. Pampu ikawaka. Lakini tangi lilikuwa limekauka, na bosi alikuwa ameapa.

Aliporudi hakutaka maelezo. Opereta aliona maji hayapo na hakutoa taarifa, hiyo ilimtosha. Ijumaa tungekwenda wote Kakuma kumwachisha kazi. Na shangazi, sijui alilisikia wapi, akaenda mwenyewe ofisini akiwa amevaa shanga zake zote, akamsalimia bosi, "Ejok, ejok," akamweleza habari za mwanawe mwenye cheti. Bosi akasema kijana apande gari siku hiyo, akaione mashine.

Nilikuwa na jioni za kabla ya Ijumaa, nikazitumia. Sikutaka tawi, nilitaka mkono. Katika kompyuta za namna ile kuna amri fupi iitwayo flock, ambayo haiulizi kama faili lipo. Faili linaweza kukaa pale mwaka mzima na lisimzuie mtu. Inachouliza ni kama kuna aliyelishika sasa hivi. Aliyelishika akimaliza, akifa, umeme ukikatika, mkono wake hulegea wenyewe, kwa sababu kompyuta ndiyo inayojua nani yu hai. Na kutazama na kushika ni tendo moja, hakuna upenyo wa wawili kupita. Anayekuja akikuta limeshikwa anaondoka kimya. Nikaongeza na kikomo: skripti ikingoja jibu kupita kiasi, ikatwe, maana yuko pia mtu anayeshuka kisimani akasinzia humo, mzima kabisa.

Shangazi alinikuta uani na kompyuta yangu ya kupakata magotini.

"Unaandika kitabu?"

"Hapana."

"Basi unaandika nini?"

Niliendelea kuandika. Akasimama juu yangu, kivuli chake kikafunika kioo.

"Nisikilize. Baba yako alipokufa, ni nani alikuchukua? Maji uliyokunywa yalitoka kisima cha nani? Ukifungua mdomo Kakuma kwa ajili ya yule mgeni, usirudi kwenye kisima changu."

"Shangazi, hakukosea."

"Sijakuuliza alikosea au hakukosea. Nimekuambia maji yako yanatoka wapi."

Ijumaa barabara ya Kakuma ilikuwa na joto la kuchemsha lami. Bosi aliendesha, binamu yangu alikaa mbele na shati lililopigwa pasi, mimi nyuma na kompyuta. Mara moja binamu aligeuka akaniangalia, akataka kusema, akaangalia tena mbele.

Opereta alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha pampu, mikono nyuma, kama mtu anayepokea maiti. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu. Binamu yangu aliposhuka, opereta alimwangalia shati, viatu, kisha akanigeukia.

"Aa. Njo huyu. Sasa nimeelewa. Miye nilijiuliza huyu dada ananichukia juu ya nini, kumbe iko na ndugu."

"Nyamaza kidogo," nikamwambia.

"Ninyamaze? Leo? Leo njo siku ya mwisho ya kunisikia!"

Bosi akaanza hotuba yake ya taarifa na uzembe. Nikaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, nikafungua kompyuta yangu, nikaingia kwenye ile ya Lodwar kupitia mtandao wa simu yangu, nikaanzisha skripti yake ya zamani. Kabla haijamaliza nikaiua ghafla, kama umeme unavyoiua. Kisha nikaianzisha tena.

Simu ya kisima ikalia mfukoni mwa opereta. Aliitoa, akaisoma kwa sauti, kwa dharau: "Kuna mtu kisimani. Ngoja."

Wanawake wa mbele wakashusha mitungi.

"Yuko wapi?" nikauliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya kuwafikia. "Mtu huyo yuko wapi?"

"Unafanya nini?" bosi akasema.

"Hakuna mtu. Mtu huyo ni amri ya kompyuta ya Lodwar, na nimemuua sasa hivi mbele yenu. Siku ile nayo alikufa asubuhi, umeme ulipokatika. Mlingoja mtu ambaye hayupo."

Mwanamke wa kwanza katika foleni, mnene wa shingo kwa shanga, alilitafuna neno hilo polepole.

"Hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa."

"Tulikaa juani. Mtoto wa dada yangu alizirai pale." Alionyesha kwa kidevu. "Nikawaambia hawa wa kambini wangoje, kisima kina mtu, wasiwe washenzi. Na hakukuwa na mtu?" Akamgeukia opereta. "Ni wewe uliandika?"

"Miye? Miye nasoma tu!"

"Ni nani aliandika?"

Sikunyoosha kidole. Haikuhitajika. Bosi alikuwa tayari anarudi nyuma kuelekea gari, na mtu anayerudi nyuma hujitaja mwenyewe.

Sijapata kusikia matusi kama yale, na nimelelewa na shangazi yangu. Yalikuja kwa Kiturkana, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kisomali, kwa Kiswahili cha kila aina. Mtu anaweza kudanganya juu ya mengi katika nchi kavu na akasamehewa. Kusema kisima kina mtu wakati hakina ni kuwafunga watu kiu kwa heshima yao wenyewe. Mmoja aligonga boneti ya gari kwa mtungi. "Andika tena!" alimpigia kelele. "Andika tena tuone!" Bosi akapiga kelele kupitia upenyo wa dirisha kwamba hakuna anayefukuzwa, jamani, hakuna, opereta ni wenu, abaki.

Wakati wote huo binamu yangu alikuwa amesimama kando ya sanduku la pampu. Hakuna aliyemtukana wala kumwona. Nilimwona akilifungua, akaangalia waya, akalifunga tena vizuri.

Nikaweka skripti yangu. Nikaianzisha, nikaiua, nikaianzisha. Simu ya opereta haikulia. Chini ya miguu yetu pampu ikaanza kunguruma, mfululizo.

Opereta alisikiliza mngurumo ule, kichwa ameinamisha kama daktari.

"Haizimiki," alisema.

"Haitazimika mpaka tangi lijae."

"Kumbe ulijua tangu zamani?"

"Nilijua kabla ya bosi kuweka lile kufuli."

"Na haukuniambia." Akairudisha simu mfukoni. "Usifikiri sasa miye ni rafiki yako."

"Sikufikiri."

"Muzuri."

Njiani kurudi bosi aliniambia nitafute kazi nyingine mwezi ukiisha. Aliyasema bila kugeuka. Binamu yangu aliangalia dirishani hadi Lodwar.

Sijui alimwambia nini mama yake, au kama alihitaji kumwambia. Kesho yake mfereji wa mtaa ulikuwa mkavu, nikachukua ndoo nikashuka mtoni. Juu ya kisima chetu kulikuwa na tawi la mwiba, bichi, limekatwa asubuhi hiyo na mkono nilioujua vizuri. Nikaangalia huku na huku. Shangazi hakuwapo, mbuzi hawakuwapo. Nikainama, nikasikiliza. Chini hapakuwa na mtu. Maji niliyanusa.

Simu ikatetema. Ujumbe kutoka Kakuma: *Maji iko. Usiniandikie.*

Sikuliondoa tawi. Nikasogea mbali kidogo na kisima, chini ya ukingo ambapo mchanga una giza la unyevu, nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa karai. Alasiri shangazi alipita na mbuzi wake. Alisimama juu, akaliangalia shimo langu, akaziangalia kuta zake.

"Utafunikwa," alisema.

"Basi mwambie mtu ashike karai hapo juu."

Alisonya, akaenda kuondoa mwiba wake.